Mistari Mitatu Getini

Waliochelewa katika sekondari ile ya Ipagala walikuwa na balaa lao: kabla ya kukutana na mwalimu yeyote, walikutana kwanza na Loisi Chilongani. Mlinzi huyu hakuchapa mtu, hakufoka, wala hakumpigisha mtu magoti kwenye changarawe. Aliwapa kalamu tu. Wapo waliosema afadhali fimbo.

Loisi alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa vijijini Kongwa, mwembamba, ndani ya koti la ulinzi lililomzidi mabega. Shule aliiachia darasa la tatu, mwaka wa ukame, alipopelekwa kuchunga mbuzi wa mjomba wake. Herufi alizokuwa nazo zikamtoka moja moja, asijue hata zimeondoka lini. Alizipata tena akiwa na miaka arobaini na miwili, katika darasa la watu wazima kanisani, amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamemfika kifuani. Mwalimu wao aliwaambia neno moja ambalo Loisi alilishika kama amri: herufi ni kama mbuzi, usipozihesabu kila siku, siku utakayozihesabu utakuta pungufu. Kwa mtu aliyewahi kupoteza mbuzi watatu wa mjomba, hilo halikuhitaji maelezo.

Tangu hapo hakuacha siku ipite bila kusoma ukurasa mmoja. Na jioni, kabla hajavua koti, aliandika mstari mmoja kwenye kidaftari alichokiweka mfuko wa ndani. Leo upepo mwingi. Leo mbwa wa jirani amezaa. Kidaftari hicho hakuna binadamu aliyewahi kukiona, maana mwandiko wake aliuonea haya.

Taabu ilikuwa kwamba pale getini hapakuwa na cha kusoma ila daftari la wachelewaji: jina, kidato, saa, sababu. Siku ya kwanza alilifungua kwa hamu. Wa kwanza ameandika "usafiri". Wa pili ameweka vile vialama viwili vya kusema "kama hapo juu", na wa tatu, na wa nne, hadi chini kabisa ya ukurasa. Loisi aliumaliza kabla chai haijapoa, akajiona ameibiwa.

Kesho yake akatangaza sheria.

"Sababu ni mistari mitatu. Na isiwe ile ya jana."

"Mama, mimi nimechelewa tu," alisema Jordan wa kidato cha pili.

"Ukitokea wapi? Umemwona nani njiani? Andika. Na usiniwekee maneno makubwa. Mimi kwetu tunasema Kigogo, Kiswahili nimejifunza. Nisipoelewa, huingii."

"Sasa haya atasoma nani?"

"Nitasoma mimi peke yangu."

Akasoma kweli, palepale, kidole kikifuata mstari na midomo ikitembea. Aliposhindwa kuelewa alirudisha kalamu bila neno. Watoto walinung'unika wiki mbili, kisha wakazoea, na baada ya kuzoea wakanogewa. Asubuhi moja Loisi alimkuta Jordan amejibanza nyuma ya ukuta, anangoja kengele ilie ili achelewe. Ameona mbuzi akigombana na bajaji, na habari hiyo itampitaje mama? Loisi alimsonya, kisha akampa kalamu aandike haraka, safu ya saa akaiacha wazi.

Edina ndiye aliyeandika kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyechelewa kuliko wote. Alikuwa kidato cha nne, akiishi na bibi yake mzaa mama. Mwanzoni aliandika kwamba amechelewa kuamka, mistari mitatu ya kulala. Loisi alimtazama.

"Aliyechelewa kuamka hana sketi iliyolowa upande mmoja," alisema, akamrudishia kalamu.

Msichana aliipokea, akaanza upya. Bomba la mtaa wao lilitoa maji alfajiri tu, siku tatu kwa wiki, na bibi hakuwa na mgongo wa kubeba dumu. Toka siku hiyo Edina aliandika ya bombani, na mistari mitatu haikumtosha tena. Loisi alikuwa akiziacha kurasa zake mpaka geti litulie, azisome taratibu, peke yake, na alizipenda. Kama ni kusema ukweli, siku ambazo Edina aliwahi, Loisi alikaa na kinyongo mpaka saa nne.

Alhamisi moja Mwalimu Thobias, mwalimu wa nidhamu, alifika getini.

"Bi Loisi, shikamoo. Naomba daftari la wachelewaji. Aliyechelewa zaidi ya mara kumi na tano muhula huu, wiki mbili nyumbani."

"Marahaba, mwalimu. Mock si inaanza Jumatatu?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Wajifunze."

Loisi alisema atalipeleka baada ya chai. Hakuhitaji kuhesabu: Edina alikuwa na kumi na tisa. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ungempita msichana huyo akiwa kwenye foleni ya maji, na bila mtihani huo, nani angejua kama yuko tayari kwa ule wa taifa?

Alikaa na daftari mapajani. Mlinzi mwingine angekwisha kumfungulia mtoto yule kimyakimya, asubuhi kumi na tisa, na leo pasingekuwa na ushahidi wowote. Ni yeye Loisi aliyemwambia andika ukweli, nitasoma mimi peke yangu. Alishika kona ya ukurasa mmoja avute. Mkono ulikataa. Aliyewahi kupoteza maandishi yote aliyokuwa nayo hawezi kuchana ya mwenzake. Aliona aibu, aibu ya mtu mzima aliyetoa ahadi isiyo yake kutoa.

Akaenda ofisini.

"Mwalimu, mimi husoma ukurasa mmoja kila siku. Unanichukua mchana mzima. Wewe utakuchukua dakika tano. Kabla hujahesabu, soma mmoja."

"Bi Loisi, sababu kila mtu anayo."

"Ni kweli, mwalimu. Lakini zamani walikuwa wanaandika vialama viwili."

Thobias alishusha pumzi, akafungua pale alipowekewa kidole. Alisoma kwa sauti, kwa kasi ya mtu anayetaka kumaliza:

"Leo tulikuwa watu thelathini na mmoja bombani. Jirani yetu amejifungua juzi, madumu yake nimeyapanga mimi, maana foleni haijui uzazi. Kulipokucha bibi alisema basi, nenda shule. Nikasema bado moja, bibi, hilo ni la wewe kuogea."

Kasi ilimpungua alipofika kwa bibi. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga chumba mtaa wa Area D, kwenye nyumba yenye tangi la maji. Alifunua ukurasa wa pili, huo akausoma bila sauti. Kisha wa tatu.

"Huyu anachelewa kweli," alisema mwishowe. "Mara ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Niachie."

Loisi akaliacha daftari mezani, akarudi getini. Jioni ile mstari mmoja haukumtosha. Aliandika: Leo nimetoa daftari. Chini yake: Nimeogopa.

Ijumaa asubuhi Thobias alipita getini kabla ya kengele, amefumba mdomo kama mtu asiyependa kuonekana amelegea. Amezungumza na mkuu, alisema. Siku za maji Edina aingie hadi saa mbili, hahesabiwi. Hao wengine wenye zaidi ya kumi na tano atawaita mmoja mmoja, awasikilize kwanza.

"Na daftari, mwalimu?"

"Sijamaliza kusoma," alijibu, akaondoka.

Edina alifika saa moja na nusu, sketi imelowa. Loisi alimweleza ruhusa yake, na hakumficha lililobaki.

"Nilikuambia nasoma mimi peke yangu. Jana nimempa mwalimu, amesoma. Nisamehe, mwanangu."

Edina aliinamisha kichwa, akapita geti, akavuka uwanja kuelekea madarasani. Sasa hakuwa tena mchelewaji. Hakuna wa kumdai mstari hata mmoja. Loisi alifunga komeo, akakaa kwenye kiti chake, na ilimuuma kuliko alivyotarajia.

Akasikia hatua zinarudi.

"Mama, daftari liko wapi?"

"Si umesharuhusiwa? Nenda darasani."

"Najua. Nataka kuandika ya leo, nikikaa nayo mpaka jioni itaniponyoka."

"Liko ofisini. Mwalimu hajamaliza."

Loisi aliingiza mkono mfuko wa ndani, polepole, akatoa kidaftari chake, akakifungua penye ukurasa wa jana. Hapakuwa na pengine pa kumwandikisha. Edina alikipokea kwa mikono miwili. Aliona mwandiko, herufi kubwa zilizosimama mbalimbali, akajua ni wa nani. Akasoma, kidole kikifuata mstari, kama alivyomwona mama akifanya kila asubuhi.

Alipoinua uso alikuwa anajizuia asicheke, na macho yake yana maji.

"Hii ni mistari miwili, mama," alisema, akamnyooshea kalamu. "Sheria si mitatu?"

Loisi alifuta kiganja kwenye koti, akakaa vizuri, akaandika, herufi moja moja, na Edina akangoja: Leo Edina amerudi.