Shikamoo kwa Mzee wa Ukutani

Jamani, leo nacheka kwa sababu ndoa ilishafungwa, lakini siku ile hapa Mkonze ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Kompyuta yangu ya nyumbani inatumia mfumo wa Linux badala ya Windows (ndiyo, mimi ni katika wale wanaojitangaza kabla hawajaulizwa), na raha ya Linux ni kwamba amri yoyote unaibatiza jina ulitakalo. Sasa kuna ile amri ya ping, ya kuuliza mtambo mwingine kama upo, nami nikaona hii ni shikamoo kabisa, nikaiita shikamoo. Na ruta yangu, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, kwa kuwa ni kuukuu na imekaa ukutani inakula vumbi tu, nikaipa jina Mzee. Naandika "shikamoo mzee", Mzee akijibu, mtandao upo. Nilijiona nimegundua umeme.

Basi baba yake Zulfa, mchumba wangu, akasema anatoka Kondoa kuja kuniona, aone na nyumba, halafu aongee kwa video na kaka yake aliyeko Oman, wakiridhika wote wawili ndipo atoe jibu la posa. Zulfa akaniambia, "Tutatumia simu yangu, usijisumbue." Nisijisumbue? Mimi, fundi mitandao ninayeheshimika kule Mtumba? Nikataka waonane kwenye kioo kikubwa, na asubuhi hiyohiyo, kwa kiherehere changu, nikaiandikia kompyuta anwani ya mtandao kwa mkono badala ya kuiacha ijipatie yenyewe. Mtandao ukakata.

Nikapiga shikamoo. Kimya. Nikapiga tena na tena, mwisho nikaingia chini ya meza kufuata waya, makalio yakiangalia mlango, ndipo nikasikia hodi, nikajua ni jirani yangu Lazaro niliyemtuma soda.

"Pita, weka hapo," nikasema bila kugeuka. "Mzee amekufa huyu."

"Mzee gani?" Sauti ilikuwa nzito, lakini Lazaro alikuwa na mafua.

"Si Mzee wetu! Tangu asubuhi nampa shikamoo hajibu. Namzima, namwasha upya, akigoma namtupa nilete kijana."

Hakuna aliyecheka (na Lazaro hucheka hata msibani). Nikasikia Zulfa anakohoa mlangoni. Nikainuka haraka, kichwa kikagonga meza, nikatoka nimejaa utando wa buibui, na mbele yangu kanzu, kofia, na mkoba ulioshikwa na mtu ambaye bado hajaamua kuuweka chini.

Nikaanza kujieleza, ruta, amri, jina, Linux, jasho linanitoka, Zulfa ananikonyeza ninyamaze, mimi nadhani ananihimiza. Baba yake Zulfa akauliza taratibu, "Kwa hiyo hicho kidude cha ukutani unakiamkia?"

"Ndiyo, baba."

"Tangu asubuhi?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi je?"

Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba." Akaitazama ruta inavyowaka taa zake, maana ilikuwa nzima muda wote (Zulfa alishampata baba yake mkubwa wa Oman kwa simu, kwa mtandao huohuo, nilikosea tarakimu moja tu kwenye ile anwani), akanitazama na mimi, na hapo nikaonja ilivyo kusubiri jibu lisilokuja.

"Marahaba," akasema, akaweka mkoba chini.

Siku hizi ruta inaitwa ruta, na nikisikia hodi nageuka kwanza, hata kama najua ni Lazaro. Ila baba mkwe hajasahau. Kila nikimpigia simu Kondoa nikamwamkia, hukaa kimya makusudi, mpaka niulize, "Baba, upo?"