Macho Makavu ya Siwema

Katika Ifakara ya miaka ile bibi harusi hakutakiwa kumtazama mtu. Tangu atoke mlangoni kwao hadi aketishwe ukweni, macho yalikuwa chini, na watu wakaridhika kwamba binti amelelewa. Kwa hiyo kitu kilichotazamwa kuliko vyote siku hiyo, ukiacha shela, ni kope zake mbili. Odilia aliishi kwa kope hizo.

Kazi ya kuzipaka rangi alijifunza Kidatu, kwenye saluni iliyowahudumia wake za wafanyakazi wa miwa, akarudi nyumbani mwaka 1988 na kisanduku cha rangi nne zilizopangwa mstari: kahawia, dhahabu, kijani na bluu. Bluu wateja waliipenda, yeye aliikwepa. "Ukiipaka vibaya hiyo," aliwaambia, "utaulizwa nani kakupiga." Hawakucheka sana. Wengine walikuwa wameshaulizwa, kwa sababu nyingine.

Kosa la kwanza, alisema, ni mafuta. Mtu anajipaka mafuta ya nazi uso mzima, anaweka rangi juu yake, kisha anakaa kwenye joto la bonde na kushangaa rangi imehamia kwenye mkunjo wa jicho. Futa mafuta, weka poda kidogo. Chota rangi, kung'uta brashi, anzia pembe ya nje kwenda ndani, sambaza kwa kidole mpaka isijulikane inaishia wapi. Nyusi ziache, hazijakukosea. Na usimalizie gizani: toka mlangoni na kioo, fumba jicho moja utazame, kisha la pili.

Mwaka 1995 macho yake mwenyewe yakaingia ukungu. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, arudi apasuliwe. Akasema atarudi msimu wa harusi ukiisha, na Ifakara haikuwa na msimu wa aina hiyo. Rangi zote nne zikawa vumbi moja, akawa anazijua kwa mahali zilipo: kahawia kushoto kabisa, bluu kulia kabisa. Hakumwambia mtu, kwa kuwa fundi wa kope asiyeona ni kichekesho, na kichekesho hakiitwi kupamba. Siwema, binti yake wa pekee, alimwona akipapasa kisanduku kabla ya kuchota, akanyamaza.

Mwaka uliofuata Siwema akachumbiwa na Fridolin wa Mngeta. Jirani mmoja akauliza bibi harusi atapambwa na nani.

"Nimepamba watoto wa watu miaka minane," Odilia akajibu, "wa kwangu nikamwazime fundi?"

Asubuhi ya harusi alikuwa amemaliza jicho la kulia, kahawia safi, wakati mdogo wake Kristina alipoingia.

"Dada, ndicho kile cha Kidatu hiki? Hebu!" Akakinyanyua, akakisifu, akakirudisha kimegeuka, akakimbilia nje kupiga vigelegele. Wanawake wa Mngeta walikuwa wamefika.

Odilia akapapasa, akachota kushoto kabisa, akapaka jicho la pili bila haraka. Pembe ya nje kwenda ndani, kidole, hakuna ukingo. Ilikuwa kazi nzuri sana. Ilikuwa bluu.

Akampa Siwema kioo. "Fumba moja utazame. Haya, la pili."

Siwema akatazama. Mlangoni shangazi wawili wa Fridolin walikwishasimama na khanga zao, wakisikia kila neno.

"Vipi?"

"Umepatia, mama."

"Mkono bado upo?"

"Upo, mama."

Jicho likifumbuliwa sana, kope hujikunja na kujificha. Siwema akayafumbua macho yake. Alimkodolea padri, akawakodolea wajomba, akamkodolea baba mkwe wake, hakupepesa ila aliposhindwa. Machozi yalipomtoka kwa kukauka macho, hakuna aliyeyahesabu kuwa ya bibi harusi.

"Huyu anatutafuta nini?" shangazi mmoja akanong'ona.

"Labda anakagua mali."

"Shikamoo, mama," Siwema alimwambia mama mkwe walipofika Mngeta.

"Marahaba. Hata shikamoo unaitoa umenitolea macho?"

Usiku akanawa, rangi ikaisha. Jina likabaki: Macho Makavu. Akikosea chumvi, ni macho makavu. Akichelewa shambani kwa sababu ya homa, ni macho makavu.

Habari zikamfikia Odilia wiki ya tatu. Akapanda treni hadi Mngeta, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akasema amelea vibaya, wamsamehe. Kisha akamwita binti yake nyuma ya jiko.

"Mwanangu, umenivua nguo. Mabibi harusi wote niliowapamba waliinamisha macho. Wewe tu ndiye uliyeshindwa. Kwa nini?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa watu."

"Anayeogopa hakodoi. Haya, inamisha sasa hivi, nione kama kweli ni kazi ngumu."

Siwema hakuinamisha. Alisimama hatua mbili kutoka kwake, akamtazama usoni, macho wazi kabisa yamejaa machozi. Odilia akaukazia macho ukungu ule, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ehee," akasema. "Hivyo hivyo. Hivyo ndivyo ungefanya."