Mbwa Mzee Haendi Mbugani

Juzi nimemkuta mjukuu wangu juu ya baiskeli, kamfunga kamba mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, anamkimbiza nyuma.

"Unamfanya nini huyo?"

"Mazoezi, bibi."

"Mazoezi yake au yako? Mwenzio anakimbia, wewe umekalia matairi!"

Nikamshusha, nikambeba yule mdogo kifuani. Moyo wake unadunda mpaka nausikia mkononi. Basi mambo ya Namawala, kijijini nilikokulia, yakanirudia yote.

Sisi tumekua na mbwa, wewe acha tu. Kwa bibi yangu hawakupungua watatu, maana bila mbwa, nguruwe pori wanavuna mpunga kabla yako. Na kila mbwa alikuwa na mwisho wa safari yake, kwa umri wake. Mdogo mwisho wake jalalani, nyuma ya jiko. Acheze, abiringike, akikaa mwenyewe usimwinue. "Mifupa yake bado uji," bibi alikuwa anasema. Meno ya utoto yakishatoka, anaruhusiwa kisimani. Mbugani kwenye mashamba alikwenda aliyekwisha kuona mavuno mazima. Huyo hata akimbie kutwa. Mwenye mimba alirudishwa kisimani, polepole. Mzee naye kisimani, umande haujakauka, kabla hajala. Aliyeshiba ukoko hakimbizwi, tumbo litajisokota. Hatukufundishwa na daktari wa mifugo. Bibi aliwaona waliokufa.

Mzee wetu aliitwa Hayawahusu. Jina hilo bibi alimpa kwa ajili ya jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, ili kila mbwa akiitwa, jirani asikie. Jirani naye hakuwahi kulitamka. Kwake lilikuwa "hilo jibwa lenu".

Mwaka ule mpunga ulipoanza kukaza punje tukahamia shamba kama kawaida: sufuria, mikeka, kuku ndani ya tenga. Tulilala kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu, mpaka mavuno. Bibi akabaki nyumbani na Hayawahusu, kamfunga nguzoni.

Siku ya pili mama akanituma nyumbani kuchukua chumvi. Bibi sikumkuta. Mbwa akanililia, jamani, analia kama mfiwa. Huruma ikanishika; nilipokwisha kuchukua chumvi nikamfungua nguzoni, nikaondoka naye na kamba yake. Nilijiona nina roho nzuri kuliko watu wote wa Namawala.

Jua la saa saba, na mbugani hakuna mti. Mwanzo alinitangulia mbio kama kijana, nikacheka. Tukakutana na jirani anapalilia pembezoni mwa shamba lake.

"Hilo jibwa zee unalipeleka wapi? Lirudishe!"

"Ametaka mwenyewe," nikamjibu, nikapita. Hata shikamoo sikumpa.

Hatujafika mbali, miguu yake ya nyuma ikaanza kupishana. Nikavuta kamba, nikamwita mvivu. Akaanguka ubavu, ulimi nje, mwekundu kama damu, anahema kwa nguvu, macho hayanioni.

Nikapiga yowe. Aliyekuja mbio ni jirani yuleyule. Akamtupia begani kama gunia, akamlaza kwenye kivuli cha dungu lake. "Acha kulia, chota maji! Tumboni! Miguuni! Usimmiminie mdomoni, utamzamisha!" Mimi nachota mtaroni, yeye anampepea kwa ungo. Alinitukana muda wote, mimi na ukoo wangu, na mkono wake haukupumzika. Jua limeshuka ndipo mbwa akainua kichwa, akalamba maji kiganjani mwake.

"Chumvi nitampelekea mama yako," akasema. "Wewe mrudishe mzee wa watu. Kwa mwendo wake."

Hatua kumi, anakaa. Nami nakaa. Hatua kumi tena. Huko nyuma nasikia michi, wenzangu wanatwanga pepeta, ule mpunga mbichi wa kukaanga, wa kwanza mwaka ule. Harufu ilinifuata njiani, mate yananitoka, na sikuthubutu kugeuka.

Bibi alimshika mbwa nyayo moja moja, kisha akanitazama.

"Ulimhurumia."

"Ndiyo, bibi."

"Huruma isiyo na akili inaua."

Hakunichapa. Nilitamani anichape.

Hayawahusu aliishi mpaka mpunga wote ukaingia ghalani, akafa usingizini. Kila asubuhi nilikuwa nampeleka kisimani, yeye mbele, mimi nyuma.

Siku hizi nani anahamia shamba? Pikipiki inakupeleka asubuhi, jioni inakurudisha. Madungu yamebaki ya kuhesabu, na hapa Ifakara kuna mbwa wanazeeka hawajavuka geti. Mwaka huu nimepita njia ile ya mbugani, nimepakiwa nyuma. Nilitaka nipaangalie tulipokuwa tunakaa kupumzika, mimi na yule mzee. Nilipomgusa dereva bega asimame, tulikuwa tumeshapapita zamani.