Sindano Niliyochoma Masanze

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa ofisa mifugo Kilosa, niliua ndama ambaye hajazaliwa.

Nilikwenda Masanze kwa mama mmoja mfugaji, mjane mwenye ng'ombe sita. Kazi yangu ilikuwa kuwachoma ng'ombe wasio na mimba sindano ya kuleta joto la kutaka dume, ili wote wapandishwe siku moja kwa mrija wa mbegu. Nilimwamkia, akaitikia, akanifungulia zizi.

"Yule mwekundu mwache," aliniambia. "Ana mimba."

"Umejuaje, mama?"

"Tangu dume ampande hajarudi kwenye joto. Miezi miwili na zaidi."

Nilivaa glovu ndefu, nikaingiza mkono, nikapapasa harakaharaka. Maboma mengine manne yalikuwa yananisubiri, na mimi ndiye niliyekuwa na cheti.

"Hana kitu. Ni ukame tu umemkausha."

Nikamchoma.

Siku ya nne simu ililia. Sikusikia salamu. "Njoo uone," mama alisema, akakata.

Alikuwa amefunika kitu kwa kipande cha kanga penye kivuli cha zizi. Alipofunua, nilimwona. Ndama kamili, mkubwa kama panya, ngozi yake nyembamba kiasi cha kuona mishipa. Kwato zilikuwa zimeanza, laini, nyeupe. Kando yake kondo la nyuma, limejaa vifundo vyekundu vilivyokuwa vimeshikamana na mfuko wa uzazi. Nilivijua vile vifundo kutoka kwenye michoro ya darasani. Sikuwahi kuvishika. Nilichuchumaa kwenye samadi bila kujali.

"Ugonjwa?" aliuliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Asingejua kamwe, na hilo lilinitisha kuliko kile kilichokuwa mbele yangu.

"Hapana, mama. Ni sindano yangu. Inaua kile kivimbe cha kwenye ovari kinachoilinda mimba. Nilikosea."

Aliirudisha kanga juu ya ndama. Kisha akataka nimweleze kwa nini ng'ombe mwenye mimba harudi kwenye joto, nami nikamweleza. Kabla hata ya kujishikiza kwenye mfuko wa uzazi, kiinitete kikiwa uzi mwembamba tu, hutoa protini fulani. Mfuko wa uzazi ukiipokea, ng'ombe harudi kwenye joto. Isipofika kwa wakati, mwili huona hakuna mtoto, unaanza upya.

"Kwa hiyo ndama alisema," mama akasema taratibu, "na mama yake akasikia. Mimi nami nikasikia. Wewe mwenye glovu ndiye hukusikia."

Tulimfukia pamoja nyuma ya zizi, yeye akichimba kwa jembe, mimi nikitoa udongo kwa mikono. Ofisini niliandika taarifa nikajitaja mwenyewe. Mkuu wangu alinisimamisha kupima mimba hadi nirudie mafunzo.

Kwa miezi mingi mama yule alimwita mtaalamu kutoka Mikumi. Tukikutana gulioni nilisema shikamoo, naye alijibu marahaba akitazama pembeni.

Mwaka uliofuata aliniita. Mwekundu alikuwa amepandwa tena. Nilipapasa polepole, jasho likinitiririka, hadi vidole vilipogusa kile kifuko kidogo chenye maji.

"Vipi?" aliuliza.

"Yumo," nilisema.

"Najua," alijibu. "Nilitaka uguse."