MKUU WA SHULE AMEGOMA KUSAINI MAFUNZO YANGU MPAKA NITOE SIRI YA MWANAFUNZI

Admin, naomba unifichie jina. Comments za matusi ziache tu, kutukanwa nimeshazoea ofisini.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mama wa watoto wawili, mwalimu wa sekondari huku Hanang. Kwetu ni Kagera, ajira ndiyo iliyonileta nikaolewa hukuhuku. Nasoma shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri, kwa likizo zangu na mshahara wangu, kwa sababu nataka kuwa mwanasaikolojia wa shule. Masomo ya darasani nimemaliza. Nimebakiza mafunzo kwa vitendo, yaani kukaa na wanafunzi wa shule yangu na kuwasikiliza, kisha mkuu wa shule asaini kwamba nimeifanya hiyo kazi. Asiposaini, sihitimu. Hapo ndipo aliponikamata.

Tangu mwanzo huyu baba ananidharau. Nilipoomba chumba cha ushauri alinipa ofisi ya nidhamu, nikae meza moja na mwalimu wa nidhamu na fimbo zake. Mtoto anachapwa, analia, kisha anasogezwa kwangu na kamasi zake: "Haya madam, sasa mshauri." Walimu wenzangu wakanibatiza Dokta wa Machozi, wakicheka mbele ya wanafunzi. Nikaona isiwe taabu. Nikawa nakaa na wanafunzi nyuma ya jiko la shule, kwenye magogo ya kuni, na huko ndiko walikoanza kuja wenyewe bila kuletwa.

Mmoja wao ni binti wa kidato cha tatu. Alikuwa anaongoza darasa, mara akaacha hata kunyoosha mkono. Alikuja kwangu siku kadhaa anakaa kimya tu. Siku aliyofungua mdomo alinieleza jambo la nyumbani kwao, na ndani ya jambo hilo yumo mtu mzima ambaye baba wa binti akimjua, atamuumiza. Ni jambo gani, hata ninyi sitawaambia, kwa hiyo msinisumbue inbox. Mwalimu wangu wa chuo nilimweleza bila kutaja jina wala shule. Akasema kwa kuwa hakuna anayemdhuru mtoto, hili halina pa kuripotiwa, kazi yangu ni kulitunza na kuendelea kuwa karibu na mtoto.

Sasa shuleni kwetu kila Ijumaa mwalimu wa zamu anasoma ripoti ya wiki kwenye kikao: watoro, wagonjwa, waliochapwa. Mkuu akataka na wanaokuja kwangu wasomwe, jina na shida ya kila mmoja. Nikasema siwezi, masharti ya fani yangu hayaruhusu. Akacheka, na kikao kizima kikacheka naye.

"Madam, hiyo siri ya chuo ibaki chuoni. Hapa mtoto ni wa shule."

Nikakataa. Mnajua alichofanya? Baba wa yule binti ni mjumbe wa bodi ya shule, mtu wa mashamba na ng'ombe upande wa Basotu. Mkuu alikuwa amemwona binti akitoka kwangu analia. Akampigia mzazi simu, akamwambia madam anayajua yote ya nyumbani kwako. Mwanaume mzima, mwenye shahada ya ualimu, anamchongea mtoto kwa sababu mimi nimemnyima umbea!

Mzee akaja. Nikampa shikamoo, akaiitikia hajakaa.

"Mwalimu, huyu mtoto umemzaa wewe?"

"Hapana, mzee."

"Basi nipe maneno ya mtoto wangu."

Nikamwambia kwa heshima kwamba naweza kuzungumza naye kuhusu masomo yake, mengine siwezi. Mkuu akapiga meza. "Baba ameuliza, jibu! Jumatatu anarudi. Ukikaa kimya, na mimi sisaini kitu. Ukaanze upya shule nyingine huko."

Nikampigia mwalimu wa chuo. Akasema siri nisiitoe, lakini bila saini ya mkuu chuo hakiwezi kunipitisha, na nikihamia shule nyingine nitaanza mafunzo upya mwakani. Yaani mimi nimlinde mtoto, na wa kunilinda mimi hayupo. Aliyenimaliza kabisa ni mume wangu. Yeye ni tabibu kituo cha afya, na wagonjwa wake hata mimi mkewe hanitajii. Juzi tunakula ananiambia, "Mke wangu, sema yaishe. Hao ni watoto tu, siyo wagonjwa." Niliacha sahani yangu pale pale nikaondoka. Mpaka leo chakula nampa, maongezi hapati.

Jana mchana binti alinifuata kule nyuma ya jiko. Akanisalimia, akasimama anavuta mikono ya sweta yake.

"Madam, baba amesema usiposema Jumatatu hupati cheti. Ni kweli?"

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia ni kweli.

"Basi sema tu, madam. Usikose cheti kwa ajili yangu. Mimi nitajua pa kwenda."

Nimelia mpaka kichwa kinauma, na hasira niliyo nayo kwa huyo mkuu naogopa hata kuiandika hapa. Ameniweka mahali ambapo mtoto wa watu ananiruhusu nimuuze ili mimi nipate cheti cha kusaidia watoto.

Wa kuniambia nimwachie Mungu, na wa kuniambia bosi ni bosi, piteni kimya kimya. Nawauliza wenye watoto, na walimu wenzangu wenye roho: ruhusa ya namna hiyo ni ruhusa kweli? Nikinyamaza, miaka yangu ya kusoma inakwenda na maji. Nikisema, najua atakayepigwa. Jumatatu asubuhi wataniita ofisini, mkuu na mzee, na binti mwenyewe atakuwa amekalishwa pale ananitazama. Niambieni, nikifungua mdomo niseme nini?