Sufularia

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, haugui magonjwa ya watu. Masufuria yakijaa kwenye beseni, anajishika paji la uso: "Shemeji, sufularia imenipanda." Nikimpa fagio, fagiomonia inambana kifua. Sauti inakuwa ya kukata roho, ila kidole gumba hakikosei rimoti hata siku moja. Nyumba nzima inavunjika mbavu, na anayeosha ni mimi.

Juzi nikaugua kweli, homa kali, natetemeka ndani ya mablanketi mawili. Si akaja kuchungulia mlangoni, rimoti mkononi! "Pole, shemeji. Kumbe na wewe sufularia imekupanda?" Sebuleni wakaangua kicheko, na kilichosikika kuliko vyote kilikuwa cha mume wangu.