Chombo Kimerudi, Mfereji Umebomoka

Jumamosi ile tulikaa watatu katika duka la vitenge, Same mjini, tukizungumzia chombo cha anga kilichotua baharini siku iliyotangulia. Wenzangu walikuwa na furaha ya watu waliopata mjukuu. Mimi nilikuwa nimekaa na siri yangu kwenye stuli ya plastiki, nikichekacheka pale inapobidi.

Mwenye duka ni dada mmoja ambaye ukoo wake umefanya biashara barabarani hapa tangu enzi za babu wa babu yake. Wa pili ni mzee mstaafu wa reli, aliyekuwa mtu wa ishara, kazi yake kuruhusu treni kuingia na kutoka stesheni. Mimi ni fundi wa minara ya simu, au tuseme nilikuwa. Nilipanda mlimani miaka miwili iliyopita kumzika baba, na sijashuka isipokuwa kuja sokoni. Siku moja niliingia dukani kununua zipu nikawakuta wawili hawa wameinamia simu, wanabishana roketi inapata wapi joto inaporudi. Nilishindwa kunyamaza, na tangu hapo tukawa watu wa Jumamosi.

Chombo chenyewe kilikuwa cha kampuni ya watu binafsi, cha majaribio, hakina mtu ndani. Kiliruka, kikaizunguka dunia, kikarudi kikining'inia kwenye miavuli mitatu mikubwa, na meli ikaenda kukiokota.

"Mmeiona mishono ya ile miavuli?" dada aliuliza. Yeye kila kitu anakipima kwa kitambaa. "Uzito wote ule, na hakuna uzi hata mmoja uliofumuka! Mimi juzi nimeshona gauni la sendofu, mtu kakaa tu kwenye kiti, limeachia."

"Labda kosa si la uzi," mzee alisema. "Labda ni la aliyekaa."

"Mzee, utanifukuzia wateja wewe!"

Mzee alicheka hadi akakohoa, kisha akarudi kwenye hoja yake ya siku zote. "Kuruka si hoja. Siku zangu, treni ikiondoka hapa sikuwa na raha mpaka wenzangu wa stesheni ya Makanya wapige simu waseme imefika, na taa ya behewa la mwisho wameiona. Wasipoiona ile taa, kwangu mimi treni haijafika. Kurudi kamili ndiyo kazi. Si kweli, mwanangu?"

"Kwa chombo, ni kweli," nilimjibu, kwa ukali ambao hakustahili.

Alinitazama kidogo, akaamua ni uchovu. Kisha akanikumbusha: "Na wewe Jumatatu ukifika Dodoma, nipigie. Nina daftari. Nitaandika."

Maana walijua kuhusu Dodoma. Nilikuwa nimepata kazi kwenye kituo kinachopokea mawimbi ya setilaiti, kazi ambayo nilikuwa nimeiomba kwa machozi. Barua ilisema niripoti Jumanne asubuhi. Nisipoonekana, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha. Ilibidi nipande basi Jumatatu.

Neno la kurudi lilikuwa limenichosha. Miaka miwili kila ninayekutana naye njiani alinipa pole ya baba, kisha hongera: nimerudi salama, Mungu mkubwa. Hakuna aliyeuliza naondoka lini. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Kaka zangu wamejenga huko waliko. Hupiga simu Jumapili kumwuliza mama nyonga inaendeleaje, halafu huniambia nina bahati, nakula hewa safi. Siku moja nilimkatia mmoja simu, nikamwambia mama kwamba mtandao ulisumbua. Nilikuwa na hasira hata na migomba.

Sasa nieleze siri yenyewe. Kwetu juu kuna ndiva, bwawa la udongo na mawe walilolijenga mababu, ambalo hujaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Kila kaya ina zamu yake ya maji, na sheria ni moja tu: mwenye zamu haachi maji peke yake. Unayafuata kwenye mfereji na jembe mkononi, unafungua hapa, unaziba pale, mpaka ndiva ifungwe. Ijumaa ilikuwa zamu yetu, na Ijumaa hiyohiyo chombo kilikuwa kinatua.

Mtandao wa intaneti haupatikani shambani. Unapatikana juu ya jiwe moja, mwendo wa dakika tano kupanda. Nikaziba tawi la mfereji kwa magogo ya migomba na udongo, nikalikanyagia vizuri, nikajiambia ni dakika kumi tu. Kila mtu kwetu amewahi kujiambia hivyo, wengine kwa ajili ya ugali uliobaki jikoni. Nilikwenda.

Picha ilikuwa inakwamakwama. Mwavuli wa kwanza ulifunguka, simu ikaganda, nikaiinua juu huku nikiomba. Ilipoachia, yote mitatu ilikuwa imejaa hewa, na kile chombo kinashuka taratibu, kimeungua ubavuni. Nilipiga kelele. Nililia pia, sioni haya kusema. Ilinibidi nishuke hapo, lakini meli ilikuwa inakaribia, na mzee alikuwa anatuma ujumbe wa sauti, "Bado hawajakishika! Bado hawajakishika!" Nikabaki kuangalia wakikishika. Nadhani nilikaa karibu saa nzima.

Niliporudi, kizuizi changu hakikuwepo. Maji yalikuwa yamevunja ukingo wa mfereji, hatua nyingi kushuka chini, na kupita katikati ya tangawizi ya jirani yetu, mjane kama mama, aliyoipanda wiki hiyohiyo. Alikuwa ameinama matopeni, anaokota mbegu moja moja na kuziweka kwenye khanga. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Sijawahi kunyimwa marahaba maishani mwangu.

Jumapili baada ya ibada kamati ya maji ikakaa. Hawakupiga kelele, afadhali wangepiga. Mwenyekiti alisema ukingo utajengwa upya, na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ungesaidia siku ya mwisho tu. Kabla ya hapo kaya iliyoacha maji itoe mtu wa kubeba mawe kutoka korongoni, kila siku, wiki mbili. Isipotoa, zamu yake inafungwa msimu mzima.

Nilisimama nikaomba kuweka kibarua.

"Kibarua hana zamu," mwenyekiti alijibu. "Tunataka mtu wa nyumba ile."

Nyumba ile ina watu wawili. Mmoja alikuwa mimi, na mwingine akainuka polepole kutoka kwenye benchi la wanawake, ameshikilia fimbo yake.

"Zamu imeandikwa jina langu," mama alisema. "Mawe nitabeba mimi. Mwanangu kesho anasafiri."

Mwenyekiti akaangalia viatu vyake, kisha akaandika. Njia nzima ya kwenda nyumbani mama alizungumzia chakula cha safarini, kama ningependa viazi au ndizi za kuchoma. Nilimwambia asinifanyie hivyo. "Nikufanyie nini?" aliuliza. "Si ulitaka kwenda? Nenda."

Mpaka leo sijui kama mama siku ile alikuwa ananifungulia mlango au anaufunga. Nimeligeuza jambo hili kila upande. Kuna siku namwona ni mwanamke aliyekuwa tayari kuvunjika ili mimi niondoke, na nampenda mpaka kifua kinauma. Kuna siku naona hakuna kufuli ambayo angeipata nzuri kuliko ile. Labda na yeye hajui.

Jumatatu kulipokucha tulitoka pamoja, mimi na begi, yeye na karai. Njia ya kwenda barabarani inapita pale korongoni. Alikuwa ametangulia, akiuburuta mguu wake mbaya, na tulipofika aliniambia nisisimame, gari halingoji mtu. Sikusimama. Nilipiga hatua kama ishirini hivi, nikageuka.

Alikuwa anainamia jiwe la kwanza. Mawe madogo yalikuwa yamejaa pale, ya kushikika kwa mkono mmoja. Mama aliyapita yote, akaweka mikono miwili kwenye jiwe kubwa, akavuta pumzi.

Nililiweka begi kwenye majani.

"Utachelewa gari," alisema bila kuinua kichwa.

"Najua."

Aliniachia jiwe, akaniachia na karai, akaenda kukaa kivulini karibu na begi langu, mkono wake mmoja juu yake. Nilibeba mawe mpaka jua likapanda. Mchana jirani yetu alipita na jembe lake. Nikamwamkia. Safari hii aliitikia, akasema, "Afadhali upo. Mama yako angejiua hapa."

Jioni nilipanda kwenye jiwe la mtandao, mikono imechubuka. Dada alikuwa ametuma picha ya chombo kikiwa juu ya meli, kimefungwa kwa minyororo kisiteleze, watu wamesimama wanakipigia makofi. Chini yake ulikuwa ujumbe wa mzee, neno moja tu: "Umefika?"

Nilimwona mawazoni na daftari lake, kalamu imeshafunguliwa. Niliandika, "Bado." Nikalifuta, kwa sababu hilo ni jibu la mtu aliye njiani. Nikaandika, "Mzee wangu, sijaondoka."